Prado Nyeusi ya Mzee Magesa na Upepo wa Duarani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Zuhra amenichokoza tena. Magari kadhaa yamepita mbele ya banda langu la kuoshea magari, yakanipigia honi ya salamu, yakavuka barabara kwenda kwake. Honi! Bora wangenitukana. Mtaa huu wa Kahama mimi ndiye niliyetangulia. Yeye kaja juzi na turubai lake la bluu.

Mchana nimempeleleza, nimejibanza nyuma ya magunia ya mkaa. Siri yake nimeiona. Gari likishaoshwa analisogeza kivulini. Analimwagia maji safi kwa mpira, polepole, mengi yateremke yenyewe. Kisha anatandaza taulo laini juu ya boneti kama anayefunika mtoto aliyelala, analivuta taratibu. Hasugui! Anageuza upande mkavu, anaendelea. Eti rangi isichubuke. Nimecheka mpaka mkaa ukaniingia puani. Gari ni bati. Bati lina ngozi?

Nikamsimulia mke wangu, Martina. Akasema huenda ndiyo maana wateja wanakwenda kule. Nikamjibu kwamba yeye haijui biashara. Akasema biashara nayo hainijui mimi.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi mbaya. Asteria wa duka la dawa amerudi na gari lake. Jana nililikausha vizuri, kwa nguvu zote, kwa suruali yangu ya zamani ya jinzi. Mlango mzima una mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Nikamweleza kwamba huo ni mng'ao wa kisasa. Akauliza ni mng'ao gani unaokwaruza ukucha. Alipoondoka, Martina akaikagua ile suruali. Zipu ipo. Vifungo vipo. Hakuna aliyeniambia!

Jioni, habari kubwa. Mzee Magesa, yule mfanyabiashara wa mpunga, anaozesha binti yake Jumamosi. Prado yake nyeusi ndiyo itakayombeba bibi harusi. Amesema ataileta kwangu Alhamisi, kwa kuwa nilisoma na mdogo wake. Ikipendeza, msafara mzima wa harusi ni wangu, na malori yake baadaye. Nikaona Zuhra anakunja turubai lake na kuhama mji. Picha nzuri sana.

Martina akasema hili nikiliharibu, yeye anakwenda kuomba kazi ng'ambo ya barabara. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 16 Julai

Nimefanya majaribio. Mtu makini hufanya majaribio. Kama kitambaa kinakwaruza, tuache kitambaa. Jua lipo, la bure, la Mungu! Nimeosha bajaji ya Adam, jirani yetu, nikaiacha juani ijikaushe nikaenda kunywa chai.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nilisahau. Bajaji imetoka na madoa meupe kila mahali, kila tone limeacha alama yake. Adam akalalamika kwamba sasa anaendesha kanga, tena si ya kuvaa, yule wa kuruka. Abiria wa kwanza alimuuliza kama inataga.

Lakini kushindwa kumenifungua akili. Kitambaa hapana. Jua hapana. Kumebaki nini? Upepo! Nimempigia simu rafiki yangu Masele, mchimbaji wa upande wa Runzewe. Wana mashine ya kupuliza hewa chini ya shimo la dhahabu, lile wanaloliita duara, ili walio chini wapate pumzi. Duara lao limejaa maji, mashine imekaa bure. Amesema anakuja nayo kesho. Wabeja sana, Masele, asante sana! Zuhra na taulo lake ajiandae.

Alhamisi, 17 Julai

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Prado ililetwa. Nimeiosha kwa upendo. Ilisimama nyeusi, imelowa, matone yamekaa juu yake kama shanga. Masele naye akafika na wenzake wawili na mashine imefungwa nyuma ya pikipiki. Tukaunga mpira wa duarani, mrefu kama chatu. Nikaushika, nikauelekeza kwenye boneti. Nikahakikisha Zuhra ananitazama. Masele akawasha.

Mpira ulikohoa kwanza. Kisha ukatapika. Vumbi lote la mwamba lililojikusanya humo tangu duara lilipofunguliwa lilitoka kwa mkupuo mmoja, likatua kwenye gari bichi. Prado nyeusi ikawa kama muhogo uliopakwa unga.

Nikavua shati nikaanza kufuta. Ile sauti! Kama mtu anatafuna mchanga. Masele akaudaka mkono wangu. Nikadhani anaihurumia rangi. Kumbe! Akainama, jicho likakaribia kugusa boneti, akalamba kidole, akagusa, akatazama.

"Eustace, usifute. Hili vumbi lina kitu."

Wenzake walikuwa wameshachukua makarai yangu. Mmoja anamwagia maji kwenye paa, mwingine anakinga chini ya bampa na kuzungusha karai kama yuko mtoni. Wapita njia wakasimama. Mtu akasema ameona njano. Basi! Watu wakaenda kuleta mabeseni majumbani mwao. Mama mmoja akaomba apewe upande wa taa.

Ndipo Mzee Magesa akafika. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Sijawahi kuona mzee anaiacha shikamoo inaning'inia hewani. Akatazama mabeseni, akanitazama mimi bila shati.

"Eustace, gari la bibi harusi lina dhahabu?"

Masele akanijibia: "Bado hatujajua, mzee."

Zuhra akavuka barabara. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema kwa upole kwamba mtu yeyote asiguse tena, kila anayefuta anachora. Akaomba ruhusa, akaondoka na gari. Na mzee. Na umati.

Dhahabu haikupatikana. Ile njano ilikuwa kipande cha ganda la ndizi.

Ijumaa, 18 Julai

Martina ametimiza ahadi. Asubuhi kavaa aproni, kavuka barabara. Hakugeuka nyuma. Sesilia, binti yetu, kaniuliza kama mama amehama. Nikamwambia nimempandikiza kule awe jasusi wangu. Akasema mama hajui kama ni jasusi. Ndiyo uzuri wa mpango wenyewe.

Jioni Zuhra kaniita. Nilienda kifua mbele. Walikuwa wameitiririshia Prado maji mengi bila kuigusa, mpaka mchanga wote ukaondoka. Fundi rangi akaja kuipiga polishi. Mikwaruzo imetoka, isipokuwa mmoja karibu na taa. Zuhra akasema, "Kaka Eustace, kinachochubua si taulo wala upepo. Ni mchanga. Utoe mchanga kwanza, ukaushe kivulini, na usikandamize." Taulo likianguka chini, lisirudi kwenye gari. Akanipa moja, zawadi.

Martina alikuwa anakausha mlango, taratibu, na nilijiona usoni mwa ule mlango, mzima, nimeshika taulo. Niliaga haraka.

Jumamosi, 19 Julai

Harusi. Prado imepita ikiwa inang'aa kiasi kwamba nyumba zote za mtaa zimepita ndani yake. Bibi harusi kapunga mkono. Mzee Magesa alikuwa mbele. Nikasema shikamoo kwa sauti. Akateremsha kioo, akasema marahaba, akapandisha kioo. Imenitosha.

Nyumbani Martina kaniwekea nyama ya harusini. Akasema nikitaka, Zuhra ana nafasi moja ya mtu wa kukausha. Nikasema nitafikiri. Niseme ukweli hapa, ambapo hakuna anayesoma: nilitaka kukubali. Kabisa.

Jumapili, 20 Julai

Nimefikiri.

Zuhra amesema kinachochubua si upepo. Kwa hiyo upepo ulikuwa sahihi! Kosa lilikuwa mpira. Wazo langu lilikuwa safi tangu mwanzo, na yeye mwenyewe kakiri mbele ya mke wangu.

Baada ya misa nimemfuata paroko, nikamwomba aniletee gari lake kesho, lile jeupe. Kakubali, maskini, hakuwepo Alhamisi. Safari hii hakuna kitambaa, hakuna jua, hakuna mashine. Likishalowa nalipeleka Runzewe kwa mwendo mkali, lami tupu, madirisha wazi, na kurudi. Litakauka kabla sijafika.

Martina kanikumbusha kwamba sina leseni. Huyu mwanamke haelewi. Mimi nitakuwa nalikausha, siliendeshi.