Ushindi wa Mkurugenzi Katongo

Umma unatangaziwa kwamba hakuna mchezaji wa tenisi atakayetoka mkoani kabla uwezo wake haujapimwa uwanjani na mamlaka husika, mamlaka yenyewe ikiwa imevaa kaptula.

Mamlaka husika ni Faustin Katongo, Mkurugenzi wa Ofisi ya Kuthibitisha Vipaji, Lubumbashi. Kaptula aliishonesha mtaa wa Kamalondo, na fundi alirudi kununua kitambaa mara mbili. Kuhusu tenisi yenyewe Katongo hakuwa na wasiwasi: miaka minne sasa, hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumshinda.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Syntiche Mwaba wa Bel-Air, anayekula kwa raketi yake mwaka wa tisa huu. Alitakiwa Lusaka Ijumaa. Akikosa mashindano yale angeporomoka kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa, na kazi yake ingekufa.

"Binti, ucheze na heshima," Katongo alimwambia. "Bantu ya biro banaangalia."

Syntiche akaelewa. Nani asiyeelewa? Mtu aliyeshika karatasi yako humwaibishi mbele ya makatibu wake. Makatibu wenyewe, wanne, walisimama kwenye mistari kama waamuzi. Mpira wa Mkurugenzi ukitua ndani, "Iko ndani, Chef." Ukitua mtaroni, "Iko ndani, Chef." Sita kwa sifuri, mara mbili. Matokeo yakapigwa mihuri mitatu, na Katongo akawanunulia wote bia.

Jumatano ikaja barua kutoka Kinshasa: mshindi wa kipimo anapongezwa, na ndiye atakayesafiri. Tiketi ilikuwa ya Katongo Faustin. Mashindano: ya wanawake. Wakubwa wangemsindikiza kwa tarumbeta mpaka kwenye ndege.

"Mais tulikuwa tunacheza tu," Katongo alimlalamikia Mutale, katibu wake.

"Chef, arrêté, ile amri yako, inasema mwenye kushinda njo anaenda. Ni weye ulisinye."

Matokeo yangeweza kufutwa kwa mechi ya marudio tu. Kanuni hiyo pia alikuwa ameisaini mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Katongo akapiga mpira wa kwanza nje, makusudi. "Iko ndani, Chef." Akaurusha juu ya paa la baa jirani. "Ndani, Chef, muzuri sana." Alipokuja kushtuka anaongoza michezo mitatu kwa sifuri. Akausogelea wavu.

"Syntiche, mwanangu, unisaidie. Nashindwa kushindwa."

"Papa, uondoe aba bajuge. Kwetu, kama hakuna juge, kila muntu anasema mwenyewe 'ndani' ao 'inje' kwa mipira yenye inaangukia ku upande yake."

Makatibu wakaondolewa kwa amri ya mdomo. Syntiche akadundisha mpira mara mbili.

"Sasa nicheze tena na heshima?"

"Hapana. Cheza."

Basi akacheza. Wauza samaki walioacha meza zao wakajaa uzioni, wakicheka bila kujificha. Seti ya pili ilipoanza, Katongo alikuwa ameketi chini akiomba waishie hapo.

"Papa, mechi haiishii katikati," Syntiche akamwambia kwa upole. "Ni weye ulisinye."

Saa sita mchana Mkurugenzi alisaini karatasi mbili, akiwa bado chini: ya kushindwa kwake na ya safari ya Syntiche. Mutale akapiga makofi.

"Ulishindwa muzuri, Chef."

Ijumaa Syntiche alikuwa Lusaka. Jumatatu, Katongo alikuta mezani maombi kumi na saba, yote ya wafanyakazi wake, yote yameandikwa kwa heshima: kila mmoja anaomba mechi na Chef, bila waamuzi.