Waya Nne za Kavutha

Jumatatu, 5 Julai 1999. Kitengela.

Leo nimekuwa fundi wa magari! Nimenunua kitabu cha kujitengenezea gari, kwa yule mama anayetandaza vitabu juu ya gunia karibu na stendi. Jalada halipo. Kurasa za 41 mpaka 60 pia hazipo, kuna mtu alifungia njugu. Si kitu. Kurasa zilizobaki ni nyingi kuliko nilizosoma tangu nimalize shule. Nimezisoma kazini, hapa ofisi ya soko la mifugo, kati ya kuandikisha mbuzi na mbuzi. Mwenye fahali mmoja amelalamika kwamba risiti yake imeandikwa "plagi".

Sina gari. Hiyo si kasoro. Refa naye hafungi mabao.

Sababu ya haya yote naiandika hapa tu: Kavutha. Anafuga kuku kwao Isinya na kuleta mayai mjini kwa pikapu ya bluu. Asubuhi za baridi pikapu inakohoa, na kila ikikohoa Ouma fundi anafungua boneti, anasema jambo, Kavutha anacheka. Mara mbili kwa wiki! Sasa, Kavutha akijua kutunza gari lake mwenyewe, Ouma atamchekesha nani? Na aliyemfundisha atakuwa nani? Mimi. Mwololo. Karani, miaka thelathini na minane, sina mke, niko na kitabu.

Jumanne, 6 Julai.

Tangazo limebandikwa kwenye duka la Daud, anayeuza misumari, rangi na betri. WENYE MAGARI! JIFUNZENI KUTENGENEZA WENYEWE. USHAURI NI BURE. MUONE KARANI MWOLOLO.

Daud amekubali kwa sharti kwamba nianze na gari lake, maana limegoma kuwaka. Nimefungua boneti. Kwenye vichwa vya betri kulikuwa na unga mweupe mwingi, kama mtu alikuwa anapika chapati. Ukurasa wa 9! Nimemwagia maji moto, nikasugua kwa brashi, nikakaza nati. Likawaka mara moja! Daud amewatangazia wateja wote kwamba, wallahi, huyu karani amesoma.

Ouma amesema hata nyanya yake anajua kumwaga maji moto. Nimemjibu amlete basi, tunahitaji watu wenye ujuzi.

Kavutha alikuwepo. Ameuliza kama Alhamisi niko na nafasi.

Niko na nafasi!

Alhamisi, 8 Julai.

Siku nzuri, isipokuwa mwisho wake.

Somo lilikuwa kubadilisha oili. Kitabu kinasema lala chini ya gari, tafuta nati kubwa, fungua, mwaga oili chafu, funga, jaza mpya kwa juu. Nati kubwa ziko mbili. Moja ilikuwa imefunikwa na tope, kwa hiyo nikachagua safi. Ikatoka oili nzito kama asali, inanuka kama yai viza. Nikamwita Kavutha aone jinsi ilivyochakaa. Akashangaa. Nikajaza mpya kwenye injini mpaka shingoni. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Hakufika hata kituo cha petroli. Gari lilianza kulia kama fisi na kutoa moshi wa bluu. Ouma akalala chini yake, akatoka anafuta machozi ya kicheko. Akasema kwamba karani amemwaga oili ya giaboksi yote, na injini ameinywesha mara mbili.

Akarekebisha. Nilimshikia tochi mchana kweupe, hakuna aliyeihitaji.

Kavutha hakucheka. Alisema tu kwamba Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Chuo kimoja kule Kajiado kimekubali kuchukua mayai yake kila wiki. Mkuu wa jikoni amemwambia afike kabla ya saa tatu asubuhi, na akichelewa siku ya kwanza asijisumbue kuja ya pili. Akaniomba, kwa heshima, nisiliguse gari mpaka hapo.

Amesema kwa heshima! Bado ananithamini.

Ijumaa, 9 Julai. Isinya, kwa binamu yangu.

Mpango umekamilika. Kesho gari la Kavutha litawaka kwa mguso mmoja, atashangaa, na mimi nitatokea.

Nilipata lifti ya lori la mawe mpaka hapa, nikatembea mpaka kwa akina Kavutha. Kavutha alikuwa amekwenda kwa jirani kuazima trei. Baba yake, Mzee Kisilu, alikuwa amelala kwenye kiti chake, redio imemlalia kifuani. Nikafungua boneti pole pole. Nikachomoa waya zote nne za plagi, nikatoa plagi, nikazisugua kwa mswaki. Wangu mwenyewe. Zilimetameta kama pete!

Kurudisha waya: tazama mpangilio, ukurasa wa 47. Haupo. Nikatumia macho. Nimezipanga zikapendeza, hakuna iliyopita juu ya nyingine. Kabla sijagusa zilikuwa zimepishana ovyo, na huyo Ouma eti ni fundi.

Nimeondoka bila mtu kuniona.

Jumamosi, 10 Julai. Siku kubwa!

Naandika yote kwa utaratibu.

Nilifika kwa akina Kavutha saa kumi na mbili na nusu. Baridi ya kukata masikio. Trei sitini zilikuwa zimeshapakiwa na kufunikwa turubai. Nilisimama mahali ambapo jua lingeniangukia vizuri. Kavutha akawasha.

Pikapu ilinyamaza kidogo, kama inafikiri. Halafu ikapiga mlio wa bunduki kupitia bomba la moshi. Kuku mia tatu walipiga mayowe. Mzee Kisilu alitoka chooni ameshika mshipi mkononi, anauliza ni wezi wangapi. Kijana wa Kimaasai aliyekuwa anapita na mbuzi alitusalimu "Sopa" na kuanza kukimbia bila kungoja jibu.

Kavutha akajaribu tena. Bunduki tena.

Mzee Kisilu akasema ni Ouma. Ndiye aliyelala chini ya gari Alhamisi, nani mwingine? Akaapa kwamba atamfuata huko Kitengela, kila mtu ajue ni mharibifu.

Ouma! Mbali, hana habari, hawezi kujitetea. Na mimi nimekuwa nikiomba jambo kama hili tangu Januari. Kwa kuwa shajara hii naisoma peke yangu, nakiri: nilifungua mdomo niseme hata mimi namshuku. Halafu nikamwona Kavutha. Alikuwa ameweka mkono juu ya turubai, juu ya yale mayai, anatazama barabara ya Kajiado.

"Ni mimi," nikasema. "Jana. Nilitaka uamke ukute iko sawa."

Mzee akainua mshipi.

"Baba, ngoja," Kavutha akasema. "Tutampiga baadaye. Saa hii hatuna wakati. Wewe, leta hicho kitabu."

Nikaleta. Akafungua boneti, akashika waya moja.

"Hii inafanya nini?"

"Inapeleka moto kwa plagi."

"Zote zinapeleka pamoja?"

"Hapana. Kwa zamu."

"Zamu ya nani kwanza?"

"Ukurasa wa 47."

"Uko wapi?"

"Ulifungiwa njugu."

Alinirudishia kitabu. Kisha akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kupangusa injini. Akasema kwamba mtu aliyetengeneza kitu chenye zamu lazima aliandika zamu hizo mahali. Uchafu wa miaka ukatoka. Na pale, kwenye chuma chenyewe: 1 3 4 2. Nilikuwa nimeziona jana kwa mbali, chini ya uchafu. Nilidhani ni namba ya usajili.

Waya ya kwanza, kwa bahati, ilikuwa mahali pake. Nyingine tatu akazifuatisha zamu kwenye kile kifuniko cha mviringo zinakotokea, kuelekea kulia. Bunduki. Kuku. Mzee Kisilu akaanza kufikiria punda wa jirani. Saa moja na nusu! Kavutha akasema huenda zamu inazunguka upande wa pili, akazihamisha, akafuatisha kuelekea kushoto.

Likawaka. Likanguruma kwa utulivu kama paka aliyeshiba! Nilipiga makofi. Nilirukaruka. Mzee Kisilu alinikumbatia kabla ya kukumbuka alikuwa anataka kunipiga.

Nilisafiri nyuma nikizishika trei. Tulifika Kajiado saa tatu kasoro dakika kumi. Mkuu wa jikoni alitazama saa, akatazama mayai, akatia sahihi. Kazi ni yake! Kila wiki! Yaliyovunjika ni mayai mawili tu, niliyoyakalia mimi.

Wakati wa kurudi aliniruhusu kukaa mbele. Karibu na Isinya alisema, bila kunitazama, "Ouma angetengeneza nikaenda. Wewe umeharibu mpaka nimejua."

Nimeipindua sentensi hiyo jioni yote. Kila upande ni sifa.

Jumapili, 11 Julai.

Ouma amekagua waya, amesema aliyezipanga anajua kazi. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kavutha amesema ni yeye. Nimekiinua.

Kwenye tangazo nimeongeza: USHAURI HUU UMETHIBITISHWA KAJIADO.

Kitabu amekichukua Kavutha. Akina mama wawili wenye magari wamemwomba awafundishe. Amekubali. Ouma hafungui tena ile boneti. Mpango wangu umefaulu kwa asilimia mia! Shida ni moja: sasa Ouma anakuja kubishana naye kuhusu kabureta, na kicheko ni kilekile.

Lazima nichukue hatua.

Jumamosi, 17 Julai.

Nimechukua hatua.

Nilimkuta chini ya pikapu, miguu tu inaonekana. Niliona ni afadhali hivyo, ujasiri wangu hautoshi uso mzima. Nikaiambia miguu kila kitu. Kwamba nampenda na nataka kumwoa, kwamba tangazo, kitabu na mswaki vilikuwa kwa ajili yake, kwamba najua Ouma ana mikono na mimi sina.

Sauti kutoka chini ya gari ikaniuliza kwa nini siku ile sikumsingizia Ouma, na nafasi nilikuwa nayo.

Nikasema nilitaka, lakini ulimi ulikataa.

Akatoka, oili mpaka kwenye nyusi. Amesema fundi anaweza kumpata popote, mtu wa kusema "ni mimi" hajawahi kumpata. Amekubali! AMEKUBALI! Mzee Kisilu ameanza kutaja mbuzi wa mahari, na mbuzi ndiyo kazi yangu, simwogopi.

Kuna sharti moja. Nisiguse gari lolote, la mtu yeyote, maisha yangu yote. Tumeliandika kwenye karatasi. Nimetia sahihi kwa furaha, Daud shahidi. Nimekoma kabisa. Mtu anayejua kasoro yake ameshapona.

Jumapili, 18 Julai. Isinya.

Nimealikwa chakula cha mchana kama mkwe. Kuku, wali, heshima tele. Baada ya kula, Mzee Kisilu alinionyesha kisima chake na pampu inayopeleka maji mpaka kwa kuku. Inafanya kazi vizuri, ila nimesikia kamlio. Kadogo sana. Sikio la mtu wa kawaida lisingekasikia.

Nimeisoma tena ile karatasi kwa makini. Inasema gari. Pampu haina magurudumu.

Mzee amekwenda kulala. Nimeifungua yote, nimeipanga vipande vipande juu ya nyasi, inapendeza. Sasa hivi Kavutha ameita kutoka bandani, anauliza mbona maji yamekatika. Nimemjibu asiwe na wasiwasi, hilo ndilo ninalolitengeneza.