Ukuta wa Jiko Langu Urudi Ulipokuwa

Kwenu Wakubwa Mliotengeneza Programu ya Kuchorea Nyumba,

Hamjambo huko? Huku sote wazima, ila mimi nimekasirika. Shule sikwenda. Maneno haya ni yangu na mkono ni wa jirani yangu, fundi cherehani, na nimemkataza asiyalainishe.

Mjukuu wangu ni mchoraji wa ramani. Mimi humwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote mwenye utani na mjukuu. Nyumba yetu kuukuu tunaijenga upya, na Jumatatu fundi mwashi ataanza kusimamisha kile atakachokikuta kwenye ramani yake. Kwa hiyo haya si ya mchezo.

Nilikaa kando yake nikatazama. Anachora umbo limelala bapa kama mkeka, analishika kwa kipanya, analivuta juu, mkeka unasimama na kuwa ukuta mnene. Hapo niliwapigia makofi. Yaliyofuata ndiyo yaliyoniandikisha barua.

1. Ukuta ukishasimama, umesimama. Huyu binti aliushika ubavu wa jiko langu akausukuma ndani kwa kidole kimoja. Jiko likakonda, sebule ikanenepa. Ukuta wenyewe haukulia, haukumwaga hata vumbi. Nikamwuliza, "We mke mwenzangu, mwiko nitaugeuzia wapi?" Akanijibu, "Bibi, nasogeza tu." Mwizi naye husogeza tu.

2. Dirisha langu la jikoni, ninalochungulia kujua nani karudi na karudi na nani, amelifuta kwa kubofya. Tundu likajiziba, ukuta ukapona bila kovu. Mimi goti nililoangukia nikiwa msichana lina kovu mpaka leo. Mnawafundisha nini watoto wa watu?

3. Kona za meza ya jikoni amezilainisha zote, zimekuwa kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Eti nisijigonge. Nimejigonga kwenye zile kona tangu niolewe, tumeshazoeana.

4. Hili limenitoa chozi, na wewe fundi cherehani liandike hivyo hivyo. Katika ile ramani kuna chumba changu, na cha mwanangu na mkewe. Cha mke mwenzangu hakimo. Kumbe amepata kazi mji mwingine, akakifuta chumba chake mwenyewe ili mimi nipate sebule pana. Nilipomwuliza, akasema, "Bibi, chumba cha mtu asiyekuwepo cha nini?" Mtu anajifuta kwao kwa kitufe kimoja, na programu yenu haikumwuliza hata: bibi yako anajua?

Kwa hiyo naomba kwa heshima. Ukuta ukishavutwa, ugande. Likiwashinda hilo, basi mtu akitaka kuusukuma, programu imwite kwanza mwenye jiko. Akiwa kasinzia, isubiri. Akiwa kanuna, isubiri zaidi. Na atakayethubutu kufuta chumba chake, kompyuta izimike mpaka aje aketi miguuni pa bibi yake ajieleze. Mkikataa nitakuja hapo ofisini kwenu, nizisukume kuta zenu ndani mpaka mpite ubavu ubavu kama kaa.

Wasalimieni mama zenu, mwaambie nawapa pole kwa kazi ya kuwalea. Msalimieni na anayewafagilia ofisi, huyo sina ugomvi naye.

Ni mimi,
Mwenye Jiko

Tanbihi: Subirini kwanza. Mke mwenzangu ametoka nje kuanua nguo, kaiacha kompyuta wazi, nami nimekishika kipanya. Nimechora mkeka kando ya jiko, umepinda kidogo, nikauvuta. Likasimama bonge zima. Nikalichimba ndani, nikalitoboa mlango na dirisha. Nafasi haikutosha, basi ubavu wa jiko nimeusukuma ndani tena, mimi mwenyewe. Mwiko nitaugeuzia uani.

Amerudi na nguo begani, akatazama. "Bibi, na hiki nini?"

Nikamwambia, "Chumba cha mtu asiyekuwepo."

Kisha akaketi, akanyoosha ile kona yangu iliyopinda. Hakukifuta.

Kwa hiyo, wanangu, programu yenu msiiguse popote. Hasa hapo pa kuvuta.