Kiwiko cha Ubavu wa Kushoto

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Tumepanda meli. Mimi, shemeji na mashine. Mashine ndiyo iliyosindikizwa kwa heshima kuliko sisi wote.

Binti yangu aliifunga mwenyewe kwenye mkoba wake wa kijivu, pamoja na bomba lake na barakoa yake, kisha akamkabidhi mjomba wake mbele yangu kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. Baba asilale bila kuivaa, akasema, hata usiku mmoja. Daktari alishatamka: nikilala, pumzi hukatika. Zamani nilimjibu daktari huyo kwamba mashine siihitaji, nina mke. Na ilikuwa kweli! Miaka yote ile nikinyamaza katikati ya kukoroma, kiwiko chake kilinifikia ubavu wa kushoto, na sauti yake ya usingizini: geuka, upumue. Nageuka. Napumua. Sasa mwaka umepita tangu tumzike, na badala ya kiwiko nimepewa kitu cha kuchomeka ukutani.

Safari hii aliichagua marehemu mwenyewe. Nafasi mbili. Yake kapewa kaka yake.

Njama ya kwanza: bandarini niliupenyeza mkoba kwenye rundo la masanduku ya wapagazi, ili upotee au ukaliwe na sanduku zito. Shemeji akauona. Akauchomoa, akautia begani. Kwenye ukaguzi mlinzi akauliza ni kitu gani. Nikasema ni cha huyu. Mlinzi akajibu kwamba hata baba yake anayo, akaipapasa kama paka. Lakini waya wetu wa ekstensheni wametunyang'anya, hauruhusiwi melini! Na soketi ya chumba iko mezani, mbali na kitanda. Nilivaa sura ya msiba. Moyoni, vigelegele.

Shemeji akaenda mapokezi, akarudi na waya wa meli yenyewe, uliowekwa tayari kwa wageni wenye mashine. Na madumu mawili ya maji maalumu, ambayo binti aliyaagiza kabla hatujatoka nyumbani. Yule mtoto angefaa jeshini.

Jumapili, tarehe 4 Mei

Njama ya pili. Maji yale ni kama ya betri ya gari, bila hayo mashine inakukausha koo. Nikabeba dumu moja moja hadi kwenye ua kubwa la ukumbini, nikamwagilia. Ua ni la plastiki. Maji yakapita chini ya zulia yakamtokea mhudumu wa chumba chetu viatuni. Huyu ni mtu ambaye tabasamu lake halizimiki. Akaniletea madumu mengine matatu, akaniuliza kama nina kiu sana.

Basi, njama ya tatu. Naivaa barakoa, namsubiri shemeji akorome, naivua, naisokomeza chini ya mto ifoke peke yake. Nani atajua?

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Amekuja.

Amekuja usiku. Kiwiko, ubavu wa kushoto, si kwa nguvu. Geuka, upumue. Nikageuka kama zamani, na kabla sijafungua macho usingizi ukanichukua tena. Nyumbani mashine nimeikwepa mara nyingi sana usiku na hakuja hata mara moja. Leo nimeelewa. Alikuwa ananisubiri huku. Ndiyo safari yake!

Asubuhi nimekula kwa watu wawili. Shemeji amesinzia juu ya supu hadi ncha ya tai yake ikaloa. Nimewaambia wenzetu wa mezani wasishangae, ukoo wao ni wa kulala, marehemu peke yake ndiye aliyekuwa macho.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Amekuja tena. Mara tatu!

Lakini kuna balaa. Binti amepiga simu. Kumbe mashine inamtumia habari kwenye simu yake kila asubuhi, mbea mkubwa! Inasema hewa inavuja usiku kucha. Amenionya: nisipoivaa, nitashushwa bandari inayofuata na kurudishwa kwa ndege. Nishushwe? Nimwache mke wangu melini peke yake? Nimeapa kwamba nitaikaza.

Njama ya nne, na ninajivunia. Mhudumu wetu ana mtindo wa kukunja mataulo yakawa wanyama na kuyaweka kitandani. Jana alitukunjia tumbili. Ana kichwa, ana pua, ana hata mashavu. Nimemvisha barakoa, nikamkaza mikanda, nikamlaza ubavuni mwangu. Havuji hata kidogo.

Shemeji amesinzia akiwa amesimama kwenye lifti. Tumepanda na kushuka na wageni wengi kabla sijamtoa.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Binti amepiga akilia. Mashine inasema hewa haivuji ila hakuna anayepumua. "Baba," akasema, "kwa mujibu wa hii simu wewe umekufa tangu jana." Nikamwambia mbona tunaongea. Akasema hataki utani wa kufa, mwaka mmoja hautoshi. Nikampa shemeji simu, naye akamtuliza, akasema baba yupo, anapumua, namwona mwenyewe. Kanitetea vizuri sana. Sikujua kwa nini, wala sikuuliza.

Mhudumu, akidhani ni mchezo wetu, leo ametukunjia tumbili wawili. Mmoja amevishwa barakoa, wa pili amemwegemea.

Mchana, nyangumi. Shemeji hana wimbo mwingine tangu tupande meli, na darubini haimtoki shingoni hata akienda kuoga. Kipaza sauti kikatangaza: wako upande wa kulia. Naye alikuwa kwenye kiti cha sitahani, mdomo wazi, ameuchapa usingizi. Sikumwamsha. Kisasi cha ule mkoba. Nilimvua darubini taratibu nikawatazama mimi, mama na mtoto wake, migongo inang'aa, mpaka walipozama. Alipoamka nikamwambia walikuwa wa kawaida tu. Akasema ahaa. Akakaa akifuta vioo vya darubini kwa shati lake, ingawa vilikuwa visafi.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Nilitaka kumwona. Kusikia tu hakunitoshi. Usiku siwezi, nikizinduka kaishaondoka. Kwa hiyo njama ya tano: mchana, baada ya chakula, shemeji akijilaza kitandani kwake, nami nijilaze, nikorome kwa uongo, kisha niibane pumzi kwa makusudi. Atakuja. Nifungue macho ghafla.

Nikakoroma vizuri kabisa. Nikabana. Masikio yakaanza kuvuma. Kisha kiwiko! Ubavu wa kushoto, si kwa nguvu. Geuka, upumue.

Nikafungua macho.

Shemeji. Kapiga magoti kati ya vitanda viwili, fulana kaigeuza nje ndani, macho mekundu kama aliyeshinda jikoni penye moshi. Nikamuuliza anafanya nini.

"Kazi niliyopewa," akasema.

Akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Dada yake alimwita hospitalini siku moja nilipotoka kwenda kumtafutia machungwa. Hakuzungumza habari ya nyumba wala watoto. Alimfundisha.

"Alinikunja mkono hivi, akanionyesha pa kugusa. Akasema, usimpige, mguse. Yule hana ugonjwa, anasahau tu. Ukimkumbusha anapumua."

Nyumbani hakuwa na njia, yeye analala kwake na mimi kwangu. Ndipo akamwomba binti yangu nafasi hii ya melini. Aliniona tangu usiku ule wa kwanza nikiivua barakoa. Nikamuuliza mbona hakunisemea. Akasema alitaka kunisemea asubuhi, lakini aliniona nimeamka na furaha, nakula, nacheka na mhudumu, akaogopa kuiharibu. Basi akaona bora akeshe.

Nikawakumbuka nyangumi. Nilitaka kumwambia walikuwa wakubwa kuliko nyumba. Sikuweza.

"Mimi nilidhani ni yeye," nikasema.

"Najua, shemeji. Na mimi nikiyasema yale maneno, namsikia."

Tukalia. Wanaume wazima wawili, na tumbili wawili wa taulo katikati yetu. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo nitaivaa mashine na kwamba njama zimekwisha. Nimeapa, na mara hii kwa jina la dada yake.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Nimeivaa. Kweli kabisa, mikanda yote. Nimelala fofofo, sijageuka hata mara moja. Shemeji amelala hadi wakati wa chakula cha mchana, na alipoamka alionekana amepunguza miaka. Mimi kichwa chepesi, miguu myepesi, pumzi tele kifuani. Na hakuna aliyenigusa usiku kucha. Nimekaa bafuni nimefungulia maji ili shemeji asinisikie.

Binti amepiga kwa furaha. Mashine inasema Baba yu hai. Nimemwambia aishukuru kwa niaba yangu.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Nyumbani. Kimya. Binti ameuliza safari imenifundisha nini, nikamwambia mengi.

Mashine nimeifungia kabatini. Binti akiuliza nitasema umeme unasumbua mtaani kwetu. Kisha nimemwandikia shemeji ujumbe. Nimemwomba aje akae kwangu wiki moja, au mwezi, kwa sababu paa linavuja na mimi siwezi tena kupanda ngazi. Kisingizio safi, hakina tobo. Chumba cha wageni nimekijaza masanduku hadi mlangoni, kisiingilike. Kitanda chake nimekiburuta mwenyewe hadi chumbani kwangu, nikakitandika shuka jipya, upande wa kushoto.

Amejibu jioni hii. Anasema paa lile aliliezeka kwa mikono yake na halijawahi kuvuja. Kesho anakuja.