Kofia Nyekundu ya Mrushaji wa Akiba

Jumatatu, 11 Agosti

Siku imefika! Kocha Rademaker ametukusanya uwanjani asubuhi akatangaza kwamba nafasi ya mrushaji iko wazi. Anayeitaka aichukue. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Au aliitazama saa kubwa ya uwanja iliyo nyuma yangu.

Katika mpira wa Kimarekani, mrushaji ndiye timu. Wengine wanasukumana na kukabana. Yeye anaupokea mpira, anaamua, anaurusha, na chuo kizima kinaimba jina lake. Mimi ni mrushaji wa akiba. Miaka minne sasa. Miaka minne Baba ameacha nguruwe wake, ameendesha gari hadi hapa, amekaa kwenye baridi na darubini yake, amenitazama nimesimama pembeni. Hajawahi kuniona nikirusha mpira hata mmoja katika mechi. Na huu ndio mwaka wangu wa mwisho.

Kikwazo ni kimoja: Kamari Tolliver. Mwaka wa kwanza, katoka Memphis, mkono mrefu kama mpini wa jembe. Ubaya zaidi, ana adabu. Alikuja mbele ya watu wote akaniamkia, "Shikamoo, babu." Timu ikaanguka kwa kicheko. Nina miaka ishirini na tatu! Hizi nywele za mbele ni helmeti tu imezimaliza.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Na timu yetu inaitwa Mafahali. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango wa kwanza: pai. Mrushaji bila wapokeaji wanaompenda si kitu. Mama alileta pai za tufaha, nikawagawia wapokeaji wa kundi langu muda mfupi kabla ya mazoezi. Walinisifu sana. Mmoja akasema, "Babu, sisi tuko na wewe hadi kaburini."

Kumbe alimaanisha leo leo. Jua la Iowa la Agosti halina huruma. Wa kwanza alikimbia kidogo, akakaa chini. Wa pili alitapika juu ya mstari mweupe. Nikarusha mipira mizuri kuliko yote ya maisha yangu, yote ikaangukia majani. Kocha aliuliza kwa nini watu wangu wanakimbia kama wajawazito.

Tolliver akarusha kwa kundi lake lenye njaa. Hawakuangusha hata mmoja. Baadaye alikuja kuniuliza kwa upole kama pai imebaki. Nikampa kipande. Sijui kwa nini nilimpa. Nimejichukia jioni nzima.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpango wa pili ni mzuri hadi naogopa kuuandika.

Jimbo zima linajua mashambulizi ya Kocha Rademaker. Tunakimbia na mpira katikati. Tunakimbia tena katikati. Tunakimbia tena katikati. Kisha tunaupiga teke na kumwachia Mungu. Mpira ukirushwa mbali Kocha hushika kifua. Basi leo nikamvuta Tolliver kando, nikamwekea mkono begani, nikamwambia kama kaka mkubwa: Kocha ana siri, anapenda mrushaji jasiri, tupa mbali kila mara, usiogope kitu. Machozi yakamlengalenga. Aliniambia hakuna mtu aliyemtendea wema kama huu tangu afike.

Akatupa mbali, kwa mpokeaji wake. Ukadakwa. Akatupa mbali zaidi. Ukadakwa. Kocha alishika kifua, nikafurahi. Halafu nikaona anacheka. Akasimamisha mazoezi, akasema amekuwa mtumwa wa mbio za katikati tangu alipooa, na leo minyororo imekatika. Kuanzia Jumatatu mashambulizi yanajengwa upya. Yatakuwa ya kutupa mbali.

Akamuuliza Tolliver alikopata wazo hilo. Tolliver akaninyooshea kidole. Kocha akanipa mkono, akaniambia nimeisaidia timu.

Nataka kufa.

Jumanne, 19 Agosti

Furaha! Orodha ya wachezaji imebandikwa mlangoni. Mstari wa mrushaji: HUISKEN AMA TOLLIVER. Jina langu limetangulia! Nikampigia Baba papo hapo. Nilimsikia akipenga kamasi.

Niliporudi chumbani nikamwambia Zelenka. Ninakaa naye. Ni pande la mtu, kazi yake ni kusimama mbele ya mrushaji na kuwazuia wanaotaka kumvunja. Hakuinua hata kichwa kwenye sahani yake. "Babu, H inatangulia T."

Nikamwambia ana wivu. Akasema ndiyo, anazionea wivu akili zangu, maana hazijatumika, bado mpya.

Jumatatu, 25 Agosti

Imekwisha. Orodha mpya imetoka, haina AMA. Ni Tolliver.

Nimelala kifudifudi tangu mchana. Sili. Zelenka ameleta sandwichi ya nguruwe kubwa kuliko uso wangu, nimekula nusu tu, na ile nusu nyingine baadaye. Namwaza Baba. Amekwisha kutangaza kanisani. Basi la kanisa linakuja Jumamosi kwenye mechi ya kwanza, limejaa. Tena amepanda juu ya ghala la mahindi, yeye na goti lake bovu, akapaka rangi kwa herufi zinazosomeka kutoka barabara kuu: MRUSHAJI WETU. Nimwambie nini? Nimeshika simu mara nyingi, kila mara naishia kumuuliza nguruwe hawajambo.

Alhamisi, 28 Agosti

Nafuta niliyoyaandika Jumatatu. Mungu yupo!

Kocha ameniita ofisini. Wapinzani wetu wa Jumamosi, Kunguru wa ng'ambo ya mto, ni wezi wa ishara. Kila mchezo huamuliwa pembeni na kupelekwa kwa mrushaji kwa ishara za mikono, nao wana mtu wa kuzisoma. Kwa hiyo tutasimama watatu wenye kofia za rangi, kila mmoja na ishara zake. Mmoja ni wa kweli, wawili ni wa kuzuga. Kocha na Tolliver peke yao ndio wanaojua ni yupi.

Mimi nimepewa kofia nyekundu. Nyeupe kapewa Lindqvist, mpiga mateke aliyevunjika kidole cha mguu. Kijani kapewa Bi Dykstra, anayetufunga bandeji tukiumia. Sasa hapo kuna la kuuliza? Tena wao wamewekewa vipokea sauti masikioni, wanaambiwa la kufanya. Mimi sina. Nilipouliza, Kocha alisema nitoe ishara yoyote itakayonijia, anaiamini akili yangu, muhimu niitoe kwa moyo wote.

Yoyote itakayonijia! Amenikabidhi timu!

Zelenka aliweka uma chini. Akaniambia, "Babu, mtu asiyeambiwa kitu ndiye wa kweli? Hebu kaa, fikiri polepole." Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwacha na ujinga wake. Nimempigia Baba. Nimemwambia mechi nzima itapita mikononi mwangu. Si uongo.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika nikiwa bafuni, mlango nimeufunga.

Uwanja ulijaa. Basi la kanisa lilifika mapema, Baba mbele kabisa na darubini. Nilipoona amevaa tai nilimpungia kofia. Akasimama, akapunga kwa mikono yote miwili.

Mchezo wa kwanza niliita mrusho wa kushoto. Tolliver akakimbia kulia. Niliita mbio. Akarusha. Nikaita mrusho mrefu, nikaruka, nikapiga magoti, nikapiga kifua. Akampa mtu mpira mkononi. Dharau gani hii! Mtoto wa juzi! Mapumziko nikamwendea Kocha kumshtaki kwamba kijana wake hanisikilizi. Kocha alinipigapiga shavu akaniambia niendelee hivyo hivyo, nizidishe hasira. Lindqvist alikuwa kwenye kigoda chake, anapiga miayo na kujikuna sikio.

Mwisho wa mechi tukawa nyuma kwa pointi nne. Tuko karibu na mstari wao, nafasi imebaki moja. Tukivuka tumeshinda. Hapo shetani alinijia, na sikumfukuza. Niliwaza: kama kijana hanisikii, sasa atanisikia. Nitaita mbio za katikati, yeye mwenyewe na mpira, pale penye ukuta wa Kunguru. Watamfunika. Atatoka ameinama. Na Kocha atageuka atafute mrushaji mwingine, nami nitakuwa nimesimama pale pale na kofia yangu.

Nikatoa ishara ile kwa mwili mzima. Nilinyoosha kidole katikati. Nilijipiga tumbo. Nadhani nililia kidogo.

Ng'ambo ya pili mtu wao akapiga kelele, "Katikati! Katikati! Mwekundu kasema katikati!" Kunguru wote kumi na mmoja wakarundikana katikati, mmoja juu ya mwenzake. Tolliver alirudi nyuma bila haraka, akaurusha mpira pembeni taratibu, kama anayempa mgeni chai. Mpokeaji alikuwa peke yake kabisa, ng'ambo ya mstari. Alikuwa na nafasi ya kuutazama mpira unavyokuja.

Tumeshinda. Ardhi ilitetemeka. Tolliver alinikimbilia mimi kwanza, akaninyanyua. "Babu! Umewalaza wote, babu!" Kocha akatangaza mbele ya timu nzima kwamba tangu azaliwe hajaona mtu anayedanganya kwa uso mkweli namna hii, kwamba Kunguru hawakumtazama mwingine mchana kutwa, na kwamba kazi hii ni yangu msimu mzima. Wa kweli alikuwa Lindqvist. Kule kujikuna sikio ndiko kulikuwa kuongoza timu.

Baba alishuka polepole kwa ajili ya goti. Watu wa kanisa walisimama mbali kidogo, wanaangalia viatu. Nikaanza kueleza. Akaninyooshea kola.

"Usijali, mwanangu. Wale kumi na mmoja walikuamini." Akaikunja kamba ya darubini. "Hata mimi nilikuamini."

Kisha akasema inabidi waondoke, nguruwe hawajala. Akaniuliza kama ile rangi ya ghalani aifute yeye mwenyewe au amwite mtu. Nikasema sijui, Baba. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Najiapiza hapa: basi. Hakuna mpango tena. Nitamsaidia Tolliver kwa moyo safi, nitamwambia Baba ukweli siku zote.

Zelenka anagonga, anataka kuoga.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimelala, nimeamka, akili imetulia. Nimeona kitu ambacho wote hawajakiona.

Kocha ametangaza mbele ya watu wote kwamba mimi ni wa kuzuga. Mbele ya watu wote! Na magazeti yameandika. Sasa wapinzani wa Jumamosi watafanya nini? Hawatanitazama. Watu wote watamtazama Lindqvist. Je, kocha mwenye akili atamwacha Lindqvist awe wa kweli tena, huku kila mtu anamtazama? Haiwezekani. Wa kweli atakuwa yule asiyetazamwa na mtu. Ndiyo maana Kocha alinisifu vile! Alikuwa ananiandaa!

Nilimwendea Tolliver nikamkonyeza, nimwonyeshe kwamba nimeelewa. Naye akanikonyeza. Nilimweleza Zelenka. Amejifunika mto usoni.

Nimempigia Baba. Alikuwa juu ya ngazi tayari, na brashi mkononi. Nimemwambia ashuke, asifute hata herufi moja, na safari hii waje na mabasi mawili.