Ng'ombe Kumi na Wawili kwa Kozi ya Ndege

Liberatus Kikoti hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Liberatus alikuwa akifunguliwa, akipewa kiti na kuongezewa chai. Asubuhi hiyo alikuwa Mbeya mjini, kwenye duka la stesheneri, akisubiri achongewe mhuri wa mkurugenzi wa taasisi ambayo bado haikuwa na jina. Ndipo masikio yake yakamwita kazini.

Mbele yake kwenye foleni alisimama mzee mrefu mwenye koti zito na fimbo, pamoja na binti yake aliyeshika karatasi iliyotoka kwenye printa muda huo huo.

"Soma tena hapo kwenye muda," alisema mzee.

"Mwaka na zaidi, baba. Na ni kwa kujilipia. Ada, hosteli, vipimo vya daktari, vyote juu yetu."

"Mwaka mzima kujifunza kutazama ndege. Mimi natazama ng'ombe tangu nina miaka mitano na hakuna mtu alinilipisha."

"Siyo kuzitazama, baba. Ni kuziongoza zisigongane."

"Na ng'ombe zangu ziligongana lini?"

Binti aliitwa Mbuke. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alama nzuri za fizikia na hesabu, na kwa miaka miwili alikuwa haoti kitu kingine zaidi ya kukaa juu ya mnara wa uwanja wa ndege. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho aliopewa kusubiri. Shangazi zake kule Usangu walishaanza kutaja ng'ombe arobaini wa mchumba fulani wa Chimala, na walikuwa wakiwataja kila baada ya kula.

Liberatus alisogea, akainama kidogo kama anayeingia kanisani.

"Shikamoo mzee wangu. Nisamehe, nimesikia bila kukusudia. Mimi ni mwalimu wa hiyo hiyo fani, huko Iringa."

"Marahaba. Fani ya ndege?"

"Ya kuziongoza. Hao wenye kozi ndefu, mzee wangu, wanachanganya maji. Nusu ya muda ni likizo, nusu ni foleni ya chakula. Sisi tumemwaga maji, tukabakiza maziwa. Wiki sita tu."

"Wiki sita. Na bei?"

Liberatus aliangalia fimbo, akaangalia koti, akaona zizi zima limesimama mbele yake.

"Sisi hatusumbui wazazi na mambo ya benki. Ng'ombe kumi na wawili."

Mzee Mihayo, baba yake Mbuke, alimkagua kuanzia viatu hadi kichwa kama mtu aliye mnadani.

"Sawa, Mwalimu. Lakini sasa ni kiangazi, ng'ombe zimekonda, ukiuza leo unatupa. Zitakaa kwangu, ila ni zako. Dawa na chumvi juu yako, maziwa yangu. Zikizaa, ndama zako. Ikifa moja, nakuletea ngozi yake uione kwa macho. Sisi ndivyo tunawekeana."

Liberatus alikulia Kalenga kwa watu wa nyanya na vitunguu, na ng'ombe alimfahamu zaidi akiwa kwenye mshikaki. Desturi ile aliiona tamu sana. Mali yake itazaa huku yeye amelala, na mtu mwingine ndiye atakayekanyaga mavi. Alimpa mzee mkono wa makubaliano palepale.

Chuo kilifunguliwa Jumatatu iliyofuata huko Iringa, pale Ipogolo, nyuma ya mgahawa wa Faustina. Huyu Faustina alikuwa mama mwenye mikono minene, mshirika wa Liberatus katika biashara tatu zilizopita, na hakuna hata moja iliyomletea faida. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa ule wa tenki la maji. Vifaa vilikuwa redio mbili za mkononi za walinzi, moja ikiwa nzima. Ndege hazikuwepo, hivyo zikatumika gari za barabara kuu zinazopanda mlima kwenda mjini.

"Mwalimu, haya ni malori," alisema Mbuke siku ya kwanza, akiwa juu ya ngazi.

"Mwanangu, ndege ni lori lenye haraka. Ukiliweza hili la pole pole, lile litakushinda nini? Andika."

Mbuke akaandika. Aliandika kila gari, saa yake, upande linakotoka, mwendo wake, na lingekutana na lipi kwenye kona kama hakuna aliyepunguza. Kila jioni alimpigia baba yake na kuzungumza naye Kisukuma kwa muda mrefu. Liberatus hakukijua Kisukuma, na alidhani wanasalimiana.

Wiki ya tatu mzee Mihayo akapiga simu.

"Mwalimu, una bahati. Mbili zimezaa. Mojawapo mapacha."

Liberatus alikaa chini. Kumi na wawili walikuwa wamekuwa kumi na watano bila yeye kuinua kidole.

"Sasa kuna chanjo, na chumvi, na buti za mchungaji. Unatuma lini?"

Alituma siku hiyo hiyo. Fedha alikuwa nayo, ile ya kiwanja cha Nyololo alichokiuza kwa watu watatu wasiofahamiana. Wiki iliyofuata mzee alimweleza habari za dume la mbegu kutoka ranchi, ambalo likiingizwa kwenye zizi la Mwalimu, ndama watatoka kila mmoja na mwili wa trekta. Liberatus alituma tena, na usiku akaota trekta zinanyonya.

Tatizo lilikuwa muda. Wiki sita zilikuwa zinaisha, na mwanafunzi akimaliza kozi huuliza cheti, na akipata cheti huuliza kazi. Liberatus hakutaka kumpoteza Mbuke kabla mvua hazijanenepesha ng'ombe. Akaongeza somo la mawingu. Likaisha, akaongeza la ukungu, na bahati nzuri Iringa haina upungufu wa ukungu. Kozi fupi kuliko zote nchini ikafika mwezi wa nne.

"Huyu mtoto anakula," alisema Faustina. "Miezi minne ugali wangu, nyama yangu. Ng'ombe wako wapi?"

"Wanakuja, dada. Wanazaa."

Kilichokuja kilikuwa ngozi. Ilifika kwa basi, imekunjwa ndani ya gunia, na nyuma yake simu ya mzee Mihayo yenye sauti ya msibani.

"Pole, Mwalimu. Umefiwa. Ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe."

Liberatus alihuzunika kikweli. Hakuwahi kumwona marehemu, lakini alishamfanyia hesabu. Akatuma fedha ya dawa ili kuwaokoa waliobaki. Zikaja ngozi tatu. Akatuma ya daktari wa mifugo. Zikaja tano. Siku moja Mbuke akaomba ruhusa kwenda kuwaona shangazi zake, akaondoka na daftari zake zote. Wiki iliyofuata zikaja ngozi zilizobaki, na ua wa mgahawa ukanuka hadi wateja wakahamia kwa jirani.

Faustina, ambaye marehemu baba yake alikuwa na bucha, alizikunjua moja baada ya nyingine.

"Wewe mwalimu wa ndege, njoo hapa. Mnyama aliyekufa kwa ndigana, nani alimkata shingo namna hii? Hizi zimetoka machinjioni."

Liberatus alipanda basi asubuhi hiyo hiyo. Kutoka barabara kuu alichukua bodaboda hadi kwa mzee Mihayo, kule Usangu, akafika amevikwa vumbi jeupe, akamkuta anakunywa maziwa kivulini mwa nyumba.

"Shikamoo mzee. Ngozi zile ni za kununua."

"Marahaba, Mwalimu. Ni kweli. Za Rujewa, machinjioni. Karibu maziwa."

Liberatus alikuwa amejiandaa kwa mabishano na sasa hakujua pa kuyaweka.

"Umenitapeli, mzee."

"Nimekutapeli. Ulichukua ng'ombe kumi na mbili hukuuliza rangi. Hukuuliza jike ngapi, dume ngapi. Hukuja kuziona. Nikamwambia Mbuke, huyu ama malaika ama mwizi, nenda ukamwangalie. Siku ya kwanza akanipigia kasema, baba, mnara ni wa maji. Nikamwambia kaa hapo, kula vizuri, andika unachoona. Mimi namalizana naye."

"Nitakwenda polisi."

"Twende wote. Wewe utaanza kueleza habari za chuo, mimi nitafuata na za ngozi."

Liberatus alikunywa maziwa. Yalikuwa mazuri, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Mbuke yuko wapi?"

"Yuko Dar, chuo chenyewe, kile cha muda mrefu. Fedha uliyotuma imelipa muhula wa kwanza pamoja na hosteli. Mimi niliuza sita nikaongezea nauli na vipimo. Wabeja sana, Mwalimu. Tunashukuru."

Miezi ikapita. Liberatus alirudi Ipogolo, akawa anaosha vyombo vya Faustina kufidia ugali, na ndivyo alivyokuwa, mikono kwenye povu, simu ilipoita.

"Habari yako. Naongea na ndugu Liberatus Kikoti? Napiga kutoka ofisi ya ada, chuoni Dar. Kwenye fomu ya mwanafunzi wetu Mbuke Mihayo, sehemu ya anayemlipia, umeandikwa wewe. Tunakukumbusha muhula wa pili."

Liberatus alifungua kinywa akatae. Kukataa ndiyo ilikuwa kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

"Kwa kweli mmefanya jambo kubwa," mhasibu aliendelea. "Ameongoza darasa zima kwenye jaribio la kwanza. Walimu wanauliza alianzia chuo gani."

Faustina alisimama mlangoni na mwiko, anasikiliza. Maisha yake yote Liberatus alikuwa ametoa vyeti mia mbili na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mtu aliyejua kitu. Alifurahi, na furaha ile ilimuudhi, na hakuweza kuizuia.

"Alianzia kwangu," alisema. "Ipogolo." Akafuta povu kwenye suruali, akampa Faustina mgongo. "Mnapokea kwa awamu?"