Panya Mweupe wa Bonga

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Hatimaye! Mwalimu Joyness wa sekondari ameniomba Ijumaa niwaeleze wanafunzi kazi niliyofanya hadi kustaafu: kutunza panya weupe kwenye maabara ya utafiti. Tangu nirudi Bonga hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimekaa nikiwakumbuka hadi chai ikapoa. Hasa wale walioondolewa jeni moja. Wapole, wanaugua ovyo. Niliwapenda kuliko wote.

Habari mbaya: Sosthenes, bwana shamba mstaafu, naye kaalikwa. Anakwenda na boga. Boga! Mimi nitakwenda na panya.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimenasa mmoja ghalani. Wa kijivu, mwenye hasira. Nikampaka unga wa ngano. Akapendeza, machozi yakanilenga. Kugeuka, kashajilamba nusu.

Mke wangu Ursula kauliza unga wa maandazi uko wapi. Nikamwambia umekwenda kwenye sayansi. Akasema basi chakula cha jioni nikakiombe huko huko.

Ijumaa, 10 Oktoba
Aibu. Nilimpaka upya ndani ya bajaji, lakini mbele ya darasa boksi lilitoa panya wa kijivu, kashiba, akaruka juu ya boga. Watu mbavu hawana. Sosthenes akasema mtafiti wangu anafanana na wale wanaomaliza mahindi yake.

Nilitamani kuondoka. Ndipo binti mmoja, Naiputa, akauliza ile jeni niliyosema panya wangu waliondolewa ilikuwa na kazi gani. Nikasahau yote. Nikawaambia ndiyo inayopitisha taarifa ndani ya chembe za kinga ya mwili. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwa panya wale mbiu ililia, vijidudu vikaingia, na askari wamekaa tu, hawana habari. Walikuwepo, tena wengi. Taarifa tu haikuwafikia. Nikaeleza nilivyonawa mikono na kunawa tena kabla ya kuwabadilishia maranda ya kulalia, maana uchafu kidogo uliwaua. Darasa zima likawa linaandika. Hata Sosthenes.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mwalimu Joyness kapita nyumbani. Kasema wanafunzi wananitaka tena mwezi ujao, kipindi kizima, peke yangu. Nimefurahi kama mtoto. Akanisihi nije na maneno yangu tu, panya nimwache. Ursula kaunga mkono. Nami nikakubali mbele yao wote wawili.

Nimetafakari mchana kutwa. Kosa nimeliona. Ni unga. Safari hii natumia chokaa.